Wiki ya Katekista

Wamormoni wana utaratibu unaojulikana dunia nzima. Kijana wa kiume wa kanisa hilo akishatimiza miaka 18 anaweza kuomba kutumwa kuhubiri, na akipokelewa hutumikia miaka miwili. Msichana hutumikia mwaka mmoja na nusu. Hachagui pa kwenda. Barua ndiyo itakayomwambia kama ameangukia Brazili, Ufilipino au Kenya. Gharama hubebwa na yeye na familia yake, kanisa likisaidia pale uwezo unapopungua. Hutembea na mwenzake saa zote, kwa kawaida shati jeupe na tai, kibao kidogo chenye jina kifuani. Kila wiki ana siku moja ya kufua, kununua mahitaji na kuwasiliana na nyumbani. Tangu Februari 2019 anaruhusiwa kumpigia mama yake simu kila wiki, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la Krismasi na Siku ya Mama tu.

Kanisa hilo, ambalo kwa Kiswahili hujiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, liliingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000, na mwaka 2020 ikaanzishwa misheni yenye makao Dar es Salaam. Nawaheshimu vijana hao. Kumtoa kijana wa miaka 18 nyumbani, kumpeleka nchi asiyoijua, kumfundisha lugha na kumtaka agonge milango ya wageni asubuhi hadi jioni si jambo dogo, na wengi wao hulifanya kwa moyo safi.

Lakini miaka miwili ikiisha, kijana huyo hurudi kwao. Anaanza chuo, anaoa, anapata kazi, na watu aliowafundisha wanabaki na kumbukumbu yake.

Sura hii inamhusu kijana mwingine. Anaishi Ngara au Biharamulo, kwenye kona ya Mkoa wa Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi. Hana kibao kifuani. Hakutumwa mbali, alichaguliwa na majirani zake na kuthibitishwa na paroko. Majirani humwita mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki katika shule ya serikali. Yeye ni katekista wa kigango, yaani kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia ya Kikatoliki. Kwa Waanglikana, ambao Dayosisi yao ya Kagera ilianzishwa mwaka 1985 na makao yake yako Ngara, kazi inayofanana na hiyo hufanywa na mwinjilisti. Historia ya dini katika wilaya hizi huandikwa kwa majina ya maaskofu na mapadri, wengi wao wageni. Ukitaka kujua imani iliingiaje ndani ya nyumba za watu na kwa nini haikutoka wageni walipoondoka, fuata wiki moja ya kijana huyu. Wiki ninayoieleza hapa haina jina la mtu, maana ni ya wengi.

Jumatatu

Jumatatu ni ya shamba. Padri wa parokia ana nyumba ya kanisa na chakula cha waumini. Katekista ana jembe. Vigango vingine humpa posho kidogo kutoka kwenye sadaka, vingine humlimia siku moja kwa msimu, vingi havimpi kitu. Upande wa Ngara atakuwa kwenye migomba, maharage na kahawa, juu ya vilima vyenye ubaridi. Upande wa Biharamulo, ambako ardhi inashuka na miti ya miombo inaanza, atakuwa kwenye mahindi na mihogo, na pengine tumbaku.

Shamba hilo ni sehemu ya mahubiri yake kuliko anavyodhani. Mmormoni kijana huonwa na watu anaowafundisha akiwa amejiandaa: amenyoa, amepiga pasi, ana Kitabu mkononi. Katekista huonwa akiwa na matope magotini. Mpaka wa shamba lake unapakana na wa jirani, na jirani anajua kama ameusogeza. Mbuzi wake akila mahindi ya mtu, kijiji kizima kitasubiri kuona atalipa au atajificha nyuma ya cheo. Akinywa pombe ya ndizi kwenye sherehe, wapo watakaohesabu vikombe. Akimpigia mke wake kelele, ukuta wa udongo hauzuii sauti. Jumapili watu watasikia maneno yake kwa saa moja na nusu. Siku sita zinazofuata watayapima.

Ndiyo maana baraza la kigango linapotafuta katekista mpya, swali la kwanza huwa la mwenendo, na la kusoma hufuata. Wazee huuliza: analipa madeni? Anaishi vipi na wakwe zake? Maswali hayo hayamo katika fomu yoyote, lakini yamewaondoa wengi kabla hata hawajafika kwa paroko.

Jumanne

Jumanne jioni, au siku yoyote taarifa itakapofika, ni ya wagonjwa. Taarifa huja na mtoto aliyetumwa mbio, siku hizi mara nyingi kwa simu. Katekista huchukua rozari, kitabu cha sala na tochi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, mwalimu. Bibi yuko ndani."

Ndani ya chumba cha mgonjwa hana mamlaka ya padri. Hawezi kuungamisha wala kutoa Mpako wa Wagonjwa. Anachoweza ni kukaa, kusali, kusikiliza, na kuamua jambo moja zito: kama hali inaruhusu kumsubiri padri au la. Sheria ya Kanisa Katoliki inaruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi kubatiza katika hatari ya kufa. Katika vijiji vilivyo mbali na parokia, mtu huyo kwa kawaida ndiye katekista. Wapo watoto wengi Ngara na Biharamulo waliomiminiwa maji usiku, mbele ya bibi na jirani wawili, kwa mkono wa kijana aliyekuwa akitetemeka. Baadhi yao walipona, wakakua, na leo wanaimba kwaya.

Mkoa huu unaijua kazi hiyo kwa uchungu wa pekee. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983, na kwa miaka iliyofuata kulikuwa na nyumba ambazo watu waliogopa kuziingia. Dawa za kupunguza makali zilikuwa bado miaka mingi mbele. Katika wakati ule, mtu wa kanisa aliyeketi kwenye mkeka wa mgonjwa na kumshika mkono alifundisha jambo ambalo hakuna bango la afya lililoweza kulifundisha. Leo kazi imebadilika: katekista mwenye busara humsisitizia mgonjwa aende hospitali kwanza, iwe Murgwanza ya Waanglikana, Rulenge ya Wakatoliki au ya wilaya Biharamulo, na sala zimfuate huko. Asiye na busara humwambia mgonjwa aache dawa aamini tu. Tofauti kati ya hao wawili ni mafundisho waliyopata, na hilo tutalirudia mwishoni.

Jumatano

Jumatano ni ya mafundisho. Saa tisa alasiri, baada ya shule na shamba, wanafunzi wake hukusanyika kanisani au chini ya mti: watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, vijana wa Kipaimara, na watu wazima wanaotafuta ubatizo, wengine wakiwa na ndevu nyeupe. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye tawi, nayo hupigwa kwa chuma. Katekista hufundisha kwa Kiswahili, lakini fumbo likizidi anahamia Kihangaza au Kishubi, na utaona nyuso zikifunguka.

Utaratibu huu una historia. Mwaka 1868 huko Algiers, Charles Lavigerie, askofu mkuu wa mji ule ambaye baadaye alikuwa kardinali, alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Lavigerie aliweka sharti lililowashangaza wamisionari wengine wa zama zake: asibatizwe mtu mzima kabla ya miaka minne ya maandalizi. Alitaka Ukristo usiwe jambo la siku moja, na alitaka pia Waafrika wenyewe wawe mitume wa Waafrika wenzao. Wamisionari wake walifika Buganda mwaka 1879, na mwaka 1892 wakaanzisha misheni ya Kashozi karibu na Bukoba, wakiwa pamoja na Wakristo wa Kiganda waliokimbia vita vya kwao.

Hesabu miaka minne hiyo kwa macho ya padri mmoja aliyekuwa na eneo la mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Asingeweza kumfundisha kila mtu kwa miaka minne. Sharti la Lavigerie lilikuwa na maana moja tu katika utekelezaji: lazima awepo mtu kijijini, anayejua lugha, anayeweza kufundisha kila wiki mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo Kanisa Katoliki la eneo hili lilijengwa tangu mwanzo juu ya mabega ya katekista, hata pale vitabu vya misheni vilipomtaja kwa neno moja la msaidizi.

Maswali ya Jumatano ni magumu kuliko mitihani ya chuo. Mzee atauliza: babu yangu aliyekufa kabla ya misheni kufika, yuko wapi? Mwanamke ambaye ni mke wa pili atauliza kama abatizwe akimwacha baba wa watoto wake, na watoto watakula nini. Kijana atasema ndugu yake amehamia kanisa la Kipentekoste ambako watu wanaponywa papo hapo, kwa nini sisi tunasubiri? Majibu ya kitabu yapo, lakini hayatoshi. Anayeuliza atakutana na katekista kesho kisimani na keshokutwa kwenye kikao cha kijiji, na jibu lisilo na huruma litamfuata mwalimu mahali pote hapo. Kwa hiyo katekista mzuri hujifunza kusema, "Hilo nitamuuliza paroko, tutalizungumza wiki ijayo," na wiki ijayo analizungumza kweli.

Alhamisi

Alhamisi ni ya njia. Katekista hupanda baiskeli au hutembea hadi parokiani kupeleka taarifa: wangapi wamekamilisha mafundisho, nani wanataka kufunga ndoa, nani amefariki, sadaka imekuwa kiasi gani. Akiwa na bahati atapakizwa kwenye pikipiki ya mtu anayekwenda mnadani.

Njia hizi zina kumbukumbu nzito. Mwaka 1861 John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha Mto Nile, walipita nchi ya Usuwi, ambayo sehemu yake kubwa iko ndani ya Biharamulo na Ngara za leo. Mtawala wake, Suwarora, aliwatoza hongo nzito kabla ya kuwaruhusu waendelee kaskazini. Baadaye Wajerumani walijenga boma Biharamulo, nalo bado limesimama. Bugufi, sehemu ya Ngara iliyokuwa chini ya ufalme wa Burundi, iliwekwa Tanganyika chini ya Waingereza, na ndiyo sababu Kihangaza na Kirundi husikilizana hadi leo. Kila utawala ulichora mpaka wake, na watu waliendelea kuoana kuuvuka.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kwa hesabu ya UNHCR, takriban robo milioni walivuka ndani ya saa 24. Ndani ya siku chache kambi ya Benaco ilikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo walionusurika, walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo waliokuwa wameua, na wote walikaa chini ya maturubai yaleyale. Mwaka uliofuata Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, kituo ambacho kimeendelea kutangaza kwa wenyeji hata baada ya kambi kufungwa.

Kwa katekista wa kijiji kilicho jirani na kambi, hayo hayakuwa habari za redio. Miti ya kuni ilikatwa, visima vilikauka, bei ya ndizi ilipanda kisha ikaanguka, na kwenye mabenchi ya kigango waliketi wageni ambao hakuna aliyejua wametoka kufanya nini. Alitakiwa kuongoza sala ya Baba Yetu mbele ya watu hao, pamoja na ombi la kusamehewa kama tunavyosamehe. Mmisionari wa miaka miwili anaweza kuondolewa eneo likiwa hatari, na ni haki aondolewe. Katekista hakuwa na pa kuondolewa. Serikali iliporudisha wakimbizi wa Rwanda kwao Desemba 1996, yeye ndiye aliyebaki kuwaeleza wanakijiji wenzake, wenye mashamba yaliyoharibiwa, kwa nini ukarimu haukuwa kosa.

Ijumaa

Ijumaa ni ya msiba, kwa sababu kila wiki kuna msiba na mara nyingi padri hafiki. Ana vigango vingi, barabara imeharibika kwa mvua, au yuko kwenye mazishi mengine. Katekista huongoza ibada ya mazishi, husoma Injili, hunyunyiza maji ya baraka juu ya kaburi, kisha hukaa matanga na wafiwa.

Hatari ya msiba iko baada ya mazishi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kifo cha ghafla huzaa minong'ono, minong'ono hutafuta mtu, na mtu huyo mara nyingi ni bibi mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka ya kupikia kuni. Wanawake wengi wazee wameuawa katika ukanda huu kwa tuhuma za uchawi. Hapo ndipo mafundisho ya Jumatano hupata mtihani wake. Polisi wako mbali. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwa ndugu wa marehemu. Anayeweza kusimama mbele ya kundi la vijana wenye hasira na kuwaita kwa majina yao, majina ya ubatizo aliyowafundisha kuyabeba, ni katekista. Akinyamaza, ukimya wake utachukuliwa kuwa ruhusa. Akisema, anaweza kuwa wa pili kutuhumiwa.

Wapo walionyamaza. Wapo pia waliosema, wakamchukua bibi yule nyumbani kwao akalala huko mpaka hasira ikapoa. Wokovu wa aina hiyo hautangazwi, kwa sababu aliyeokolewa na waliotaka kumuua wataendelea kuchota maji kisima kimoja.

Jumamosi

Jumamosi, au asubuhi nyingine ambayo kigango kimeichagua, ni ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Familia kumi au kumi na tano za jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Injili ya Jumapili ijayo, wanaijadili, wanachanga kwa ajili ya mgonjwa au mwanafunzi, wanapanga kumlimia mjane. Watanzania wengi wamezoea jumuiya hizi kiasi cha kudhani zimekuwepo siku zote. Zina tarehe. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakapanga kulijenga kanisa kutokea chini, na mwaka 1976 wakazifanya jumuiya hizo kipaumbele cha uchungaji.

Jimbo la Rulenge lilikuwa limeanza kuutafuta mtindo huo wa maisha kabla ya hapo. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Christopher Mwoleka alifanywa askofu wa jimbo hilo, ambalo tangu 2008 linaitwa Rulenge-Ngara. Mwoleka alilichukua neno ujamaa kwa uzito kuliko wanasiasa wengi. Alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga na kuishi humo kama mwanakijiji, akilima pamoja na wengine. Joseph Healey, padri wa Maryknoll kutoka Marekani, naye aliishi Nyabihanga, na kutokana na maisha hayo aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1981. Katika mafundisho yake Mwoleka alisisitiza kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu halikutolewa ili watu wakune vichwa. Limetolewa ili liigwe. Kama Mungu ni Watatu wanaoshirikiana kila kitu, basi wanaomwamini washirikiane jembe, ng'ombe na mavuno.

Vijiji vya ujamaa vilivunjika, na kulazimishwa kwa watu kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970 kuliacha majeraha. Lakini wazo la Mwoleka halikufa pamoja na sera. Limebaki kwenye mkeka wa jumuiya ya Jumamosi, na anayelilinda ni katekista. Yeye ndiye anayejua kwamba familia fulani haijaonekana wiki tatu kwa sababu baba anaona aibu ya deni.  Askofu alipokwenda Nyabihanga alichagua kuishi kama wanakijiji wenzake. Katekista hajawahi kuishi kwa namna nyingine.

Jumapili

Jumapili rimu hupigwa mara ya kwanza saa moja na nusu, mara ya pili saa mbili na nusu. Kwenye vigango vingi padri hufika mara moja kwa mwezi au chini ya hapo. Jumapili nyingine zote ni ibada bila padri. Katekista huongoza sala, wasomaji husoma, yeye hufafanua Injili, na akipewa ruhusa hugawa Komunyo iliyowekwa wakfu parokiani na kuhifadhiwa. Kwaya ya vijana huimba kwa kinanda cha betri, na kama betri imekwisha, kwa ngoma.

Kisha yanafuata matangazo, nayo ndiyo picha kamili ya wiki iliyopita: mchango wa bati, ndoa itakayotangazwa mara tatu, mgonjwa aliyelazwa Rulenge, zamu ya usafi, siku ya kumlimia mjane. Watu husikiliza matangazo kuliko mahubiri, nao wana sababu. Humo wanasikia kama maneno ya Injili yameshuka hadi kwenye bati na jembe.

Anapowatangazia ndoa, katekista anajua ni miezi mingapi imepita akiwabembeleza wazee wa pande mbili wapunguze mahari ili vijana waliokwisha kuzaa watoto wawili waweze kuja altareni. Anapotaja mchango, anajua nani ametoa shilingi mia tano za mwisho. Ujuzi huo hauwezi kupatikana kwa miaka miwili, hata kwa kijana mwenye bidii namna gani.

Deni

Afrika Mashariki imewahi kuwa na vijana waliotumwa wawili wawili kama Wamormoni. Mwishoni mwa mwaka 1917, kutoka misheni ya Kitgum kaskazini mwa Uganda, walipelekwa makatekista wawili katika eneo la Paimol: Daudi Okelo, ambaye hakuwa amefika miaka 20, na Jildo Irwa, aliyekuwa bado mtoto wa miaka kati ya 12 na 14. Padri aliwaeleza hatari za Paimol; Daudi akasema yuko tayari, na Jildo akaenda naye. Waliwakusanya watoto, wakawafundisha kila siku, na walipotakiwa kuacha na kuondoka, walikataa. Waliuawa kwa mikuki Oktoba 1918. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002. Wapo watu Uganda wanaowajua. Ngara na Biharamulo ni wachache, ingawa hao wawili ni ndugu wa karibu wa kila katekista wa wilaya hizi.

Kanisa limekuwa likimsifu katekista kwa miaka mingi. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulimsifu mwaka 1965 katika hati yake kuhusu kazi ya kimisionari. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, inayotolewa kwa ibada maalum na askofu. Ni hatua njema, na imechelewa. Sifa, hata hivyo, hazimfikishi mgonjwa hospitali. Tofauti kati ya katekista anayemwambia mgonjwa anywe dawa na yule anayemwambia aache ni muhula wa mafunzo ambao mmoja aliupata na mwenzake hakuupata. Tofauti kati ya anayesimama mbele ya kundi lenye hasira na anayenyamaza ni, mara nyingi, kujua kwamba paroko na jumuiya watamsimamia kesho yake.

Wamormoni wamefaulu kwa sababu wamechukua utume wa vijana wao kwa uzito: wanawafundisha kabla ya kuwatuma, wanawapangia wiki, wanajua kila mmoja yuko wapi na ana hali gani. Hatuhitaji kuiga shati jeupe wala kugonga milango. Tunachoweza kujifunza ni huo uzito. Parokia inayoweza kukusanya mamilioni kwa ajili ya jubilei ya padri inaweza kumlipia katekista wake mwezi mmoja wa mafunzo kila mwaka. Halmashauri ya walei inayopanga bajeti ya viti na spika inaweza kuweka humo kadi ya bima ya afya ya katekista na familia yake. Jumuiya zinazomlimia mjane zinaweza kumlimia mwalimu wakati wa mvua, ili Jumatano asifike kwenye mafundisho akiwa amechoka hata kusema.

Na lipo jambo lisilohitaji fedha kabisa. Daftari la ubatizo lina nafasi ya jina la padri aliyebatiza na la msimamizi, si la katekista aliyefundisha. Parokia za Ngara na Biharamulo, mnapoandika historia zenu kwa ajili ya miaka 50 au 100, kaeni na wazee wa kila kigango mwaulize nani aliwafundisha, kisha andikeni majina hayo kwa ukamilifu, na la kijiji kando yake. Wazee wanaoyakumbuka wanazidi kupungua kila mwaka, na kazi hiyo inafaa ianze sasa.